Njaa Haina Mkono

Katika mji wa Hiari hakuna aliyelazimishwa chochote, na ndiyo maana Namsifu alikuwa na kazi.

Kazi yake ilikuwa ushahidi. Mtu wa Hiari hakuuza shamba, hakuajiriwa wala hakuoa mpaka shahidi afike na pimahiari yake, amvishe mhusika kishikizo nyuma ya sikio, autazame mshale, kisha aseme kwa sauti ya kusikika: "Hakuna mkono." Maneno mawili tu. Yakishasemwa, mkataba umesimama na hakuna wa kuuangusha, kwa kuwa mji haukuwa na waziri wala ushuru, wala ofisa wa kukwambia mshahara usishuke chini ya hapa. Namsifu alikuwa ameyasema maneno hayo kwa miaka ishirini na mitatu, na aliyasema kwa fahari.

Asubuhi moja, akiwa anachambua maharage barazani, alifika Bi Adelina Rwiza. Huyu alikuwa wakala wa Pumziko, kampuni inayoajiri watu wa kulala. Alikuwa mwanamke mpole, wa sauti ya chini, na mtu akitaka kumchukia ilimbidi ajitahidi.

"Habari za asubuhi, dada shahidi. Nina mkataba wa miaka tisa. Mhusika ameomba shahidi uwe wewe, kwa jina."

"Nani huyo?"

"Kaka yako. Bwana Mbonea."

Maharage yalimwagika. Namsifu aliinama kuyaokota moja moja, akashukuru kuwa yalikuwa mengi.

"Sheria inaniruhusu?" aliuliza akiwa bado ameinama.

"Sheria inauliza tu kama kuna anayepinga. Mimi sipingi, yeye hapingi."

Ng'ambo ya njia, Mzee Kiondo, fundi viatu, alikuwa ameketi kizingitini mwake kama kawaida, sindano mkononi na kiatu hakuna. Jiko lake halikuwa limetoa moshi tangu juzi. Namsifu aliliona hilo, kama alivyoliona jana, akageuza macho. Huo ndio uliokuwa uungwana wa Hiari. Mtu hatazami chungu cha jirani mpaka jirani mwenyewe afungue mdomo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema, na asiyeinama basi hakitaki.

* * *

Ili mtu aelewe kwa nini ndugu wawili waliopendana waliishi nyumba zinazopakana bila kutazamana vyungu, lazima amjue baba yao.

Kule milimani Upareni walikotoka, baba alichimba mfereji wake mwenyewe kwa miaka mitatu. Ulipoanza kutiririka akaja mtu na muhuri, akamwambia mfereji hauna kibali. Akalipa kibali. Akaja mwingine na ada ya maji. Mahindi yalipokomaa akaambiwa bei imekwisha pangwa, auze hapa, asiuze pale. Baba alivumilia yote hayo. Kilichomshinda ni msaragambo. Msaragambo ni ile kazi ya pamoja ya kijiji: baragumu linapigwa, kila nyumba inatoka na jembe, na nyumba isiyotoka inatozwa. Siku moja baragumu lilipigwa na baba hakutoka, kwa kuwa mkewe alikuwa kitandani anakata roho. Wakaja wakamchukua mbuzi. Na mbuzi yule ndiye aliyekuwa anamnyonyesha Namsifu, mtoto wa miezi minne.

"Wema wa lazima ni wizi uliovaa kanzu," baba alipenda kusema hadi anaingia kaburini.

Waliposikia kuna watu wanajenga mji usio na muhuri huko uwanda wa juu, kwenye ardhi kavu ambayo hakuna aliyeitaka, wakafunga mizigo. Mbonea alikuwa na miaka kumi na miwili. Ndiye aliyembeba Namsifu mgongoni njia nzima, na ndiye aliyemkorogea uji na kumlisha kwa kidole, kwa sababu kijiko kilisahaulika.

Mbonea alikua akawa fundi mawe. Mifereji yote ya zamani ya Hiari, ile yenye kingo za mawe yaliyopangwa bila saruji na bado hayavuji, ni mikono yake. Kisha ikaja mashine ambayo watu waliibatiza Kiwavi. Inatambaa shambani, inakula udongo mbele, inaacha mfereji mgumu nyuma, na kazi ya mwezi inakwisha kabla ya chai ya saa nne. Hakuna aliyeamrishwa kuikodi. Kila mtu aliikodi kwa hiari yake, Namsifu naye akiwamo, msimu wa juzi. Siku hiyo Mbonea alisimama ukingoni akaitazama mpaka ikamaliza. "Umechagua vizuri," alimwambia dada yake, akaondoka mikono nyuma. Hakuwa anasuta. Alikuwa akiamini kila mtu achague, hata anapochagua kutomhitaji yeye.

Mtu huyu alikuwa na imani kuliko wenye dini. Miaka minane nyuma, mkewe alipofariki, Namsifu alipika makande akampelekea bila kuombwa. Mbonea alikirudisha chungu kikiwa bado kimejaa, akawaita wasuluhishi wawili, na Namsifu akalazimika kusimama mlangoni kwake na kusema mbele yao, "Nilivuka kizingiti chako bila kuitwa." Walipoondoka, kaka alimpiga kibao chepesi begani. "Usinune, mdogo wangu. Tukianza kuoneana huruma leo, kesho tutakuwa na mwenyekiti, keshokutwa tuna muhuri." Wakacheka wote wawili. Tangu siku hiyo Namsifu hakupeleka tena hata chumvi.

* * *

Walikaa watatu katika chumba cha mbele cha Mbonea. Kilikuwa kisafi kupita kiasi. Rafu ya vyombo ilikuwa imepanguswa na juu yake hapakuwa na kitu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umechelewa, shahidi," alisema akitabasamu, na shavu likakunjamana vibaya. Shati lilimning'inia. Namsifu alikuwa amemwona wiki iliyopita kwa mbali, akajiambia ni uzee. Sasa alimwona kwa karibu na hakujiambia kitu.

Bi Adelina alisoma masharti polepole, kama mtu anayetaka aulizwe. Mhusika atalala miaka tisa. Ubongo wake utaunganishwa kwa nyuzi na mashine zinazochonga mwamba chini ya bahari, kwa kuwa mashine zina nguvu lakini hazijui jiwe, na ujuzi wa jiwe uko ndani ya kichwa cha fundi. Hatasikia maumivu. Mwili utageuzwa, utaoshwa na kulishwa kwa mrija mara nne kila siku. Akiamka atapewa nyumba.

"Na kumbukumbu?" aliuliza Namsifu, ingawa jibu alilijua.

"Theluthi moja ya wanaoamka hupoteza sehemu. Wengine majina, wengine sura za watu. Imeandikwa hapa, dada. Hatufichi."

"Ufiche nini," alisema Mbonea. "Mkataba mzuri. Niliutafuta mwenyewe."

Namsifu alifungua kisanduku chake. Mashahidi wengine walikuwa na pimahiari mpya, nyepesi, zenye mshale mmoja. Ya kwake ilikuwa ya kale, ya mti wa mninga, aliyorithi kwa mwalimu wake, na ilikuwa na mishale miwili. Mweusi uliitwa mkono. Mwekundu uliitwa hali. Waliobuni chombo waligundua kwamba hofu ya mtu kumwogopa mtu ina mwendo wake katika damu, na hofu isiyo na mtu, ya ukame, ya ugonjwa, ya njaa, ina mwendo mwingine. Mwanzoni walionyesha hofu zote mbili. Kisha wakuu wa mikataba wakakaa, wakakubaliana kuwa mkono peke yake ndio unaobatilisha. Ukitishwa na mwajiri, huo ni utumwa. Ukisukumwa na tumbo lako, nani ashitakiwe? Njaa haina mkono, walisema, na msemo ukawa sheria. Mshale mwekundu ukaondolewa kwenye vyombo vipya ili usiwasumbue mashahidi.

Mbonea ndiye aliyewahi kukitengeneza kisanduku hicho bawaba ilipokatika. Alikijua ndani na nje.

Namsifu alimvisha kaka yake kishikizo, akamshika kifundo cha mkono kama desturi inavyotaka. Mfupa ulikuwa juu juu. Mshale mweusi ulilala kwenye sifuri, umetulia kabisa. Mwekundu ulipanda, ukapita nusu, ukapita alama ya mwisho, ukagonga ukingo wa chombo na kubaki pale ukitetemeka.

Katika miaka ishirini na mitatu hakuwahi kuuona ukigonga ukingo.

"Bi Adelina," alisema, "tupishe kidogo."

Yule mama alitoka bila kuuliza. Ukuta wa chumba hicho ulipakana na jiko la Namsifu. Kila jioni harufu ya kitunguu ilipita pale. Aliufikiria ukuta huo, akafikiria jioni zote za mwaka mzima.

"Tangu lini hujala, kaka?"

"Hilo si swali la shahidi."

"Mbonea!"

"Unapandisha sauti. Chombo kitakusikia."

Alikuwa anatania, lakini macho hayakutania. Yalimkazia dada yake na yakangoja. Namsifu alipiga magoti mbele yake. Alijua anachoweza kufanya. Angeweza kulia, angeweza kumng'ang'ania, angeweza kumwambia hutoki hapa nikiwa hai. Mshale mweusi ungepanda palepale, kwa kuwa chombo hakitofautishi mkono unaosukuma na mkono unaovuta. Mkataba ungevunjika. Naye angenyang'anywa ushahidi, na kila mkataba aliousimamia mwaka huo ungefunguliwa upya, watu mia mbili na zaidi kazi zao zikining'inia. Na zaidi ya yote angekuwa amemfanyia kaka yake kile kile alichokikimbia baba: kumtendea mtu mzima wema kwa nguvu. Alimpenda sana na alimheshimu sana, na siku ile mambo hayo mawili hayakukaa nyumba moja.

Basi akachagua njia iliyokuwa halali.

"Niombe," alimwambia kwa kunong'ona. "Kaka, neno moja tu. Sema naomba, na utakula kwangu mpaka mmoja wetu azikwe. Niombe tu."

Midomo ya Mbonea ilifunguka kidogo, ikafumba.

"Hivyo tu?" alisema mwishoni.

"Hivyo tu. Ni neno dogo."

"Ni dogo, ee." Aligeuza uso dirishani. "Mwite mama wa watu, tusimpotezee siku."

Bi Adelina aliporudi, Namsifu alikuwa bado amekishika kile kifundo, na bila kujua alikuwa anakibana. Mshale mweusi ulianza kujikongoja kutoka sifuri. Moja. Mbili. Ukifika tatu, imekwisha.

"Dada shahidi," alisema Bi Adelina kwa upole, na ilionekana yeye mwenyewe hakupenda kulisema. "Mkono."

Mbonea alikuwa anautazama mkono wa dada yake kwenye mkono wake, wala hakujaribu kuutoa.

Namsifu aliachia.

Mshale ukarudi sifuri. Mbonea akaendelea kupatazama mahali pale, penye alama za vidole zilizokuwa zinafutika, kisha akavuta karatasi.

"Hakuna mkono," alisema shahidi.

* * *

Siku ya arobaini ndugu waliruhusiwa kuingia ukumbi wa Pumziko. Ulikuwa ukumbi mrefu, wenye mwanga wa kutosha na harufu ya sabuni, vitanda vimepangwa safu kwa safu. Bi Adelina alimpeleka Namsifu mpaka kitanda cha Mbonea, akamwekea kiti.

Mbonea alikuwa amenenepa. Hilo ndilo lililomuumiza Namsifu kuliko nyuzi na mirija. Mashavu yalikuwa yamejaa, ngozi inang'aa, kucha zimekatwa. Tangu ujana hakuwahi kumwona kaka yake ana afya namna hiyo. Juu ya shuka mikono yake ilikuwa inafanya kazi. Ulinyanyuka mmoja, ukapima, ukageuza kitu kisichoonekana, ukakiweka, na wa pili ukakigonga kidogo ili kikae.

"Mafundi mawe wengi hufanya hivyo," alisema Bi Adelina. "Wengine wote hutulia." Alibaki amesimama. "Kuna jambo. Kabla ya kulala, kila mtu huacha sentensi moja. Akiamka tunamsomea, tunaangalia kama anaitambua. Ndivyo tunavyojua kilichopotea. Ndugu wa damu anaweza kuisoma siku ya arobaini akipenda. Wengi hawapendi."

"Nipe."

Ilikuwa kwenye kipande cha karatasi ya kawaida, kwa mwandiko wa Mbonea, herufi kubwa kubwa za mtu aliyezoea kuandika juu ya jiwe kwa chaki.

*Dada yangu Namsifu, naomba makande.*

Aliisoma, akaisoma tena. Ndipo yote yakamjia kwa pamoja, na hakuna lililohitaji chombo cha kupimia. Mji mzima ulikuwa na mashahidi kumi na mmoja. Kumi walikuwa na mshale mmoja. Kaka yake alimwomba huyu mwenye miwili. Alitaka auone ule mwekundu. Hakuweza kuomba, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa amejengwa juu ya kutoomba, basi akamwekea njaa yake mbele ya macho, mahali asipoweza kugeuza uso, akangoja aone dada atafanya nini. Na dada, aliyelishwa uji kwa kidole na mtu huyo bila kuomba, maana mtoto wa miezi minne haombi, alimwambia: niombe kwanza.

Alitaka ashikwe. Alitaka mkono ufike tatu.

"Dada," alisema Bi Adelina, "nikuletee maji?"

"Kwa nini hukuniacha nimbane?" Namsifu aliuliza, ingawa alijua analaumu asiyestahili.

Bi Adelina alikaa ukingoni mwa kitanda kilichofuata, kilichokuwa kitupu. "Ningesema nini? Wakala akiuona mshale ukipanda, sharti ataje. Wewe ndiye shahidi. Nilikuwa nakuombea ubane." Alipangusa shuka lisilo na vumbi. "Wanaonijia wote huniuliza swali moja tu, dada. Hawaulizi habari za kumbukumbu. Wanauliza watalishwa mara ngapi."

Sheria ya Hiari inasema aliyeombwa ajibu kabla jua halijazama, ndiyo au hapana, asimwache mwombaji akining'inia. Namsifu aliinama kwenye sikio la kaka yake, nyuma ya nyuzi.

"Ndiyo," alimwambia. "Ndiyo, kaka. Makande yapo."

Mikono juu ya shuka haikusita. Iliendelea kupanga mawe ya bahari ambayo hakuna atakayeyaona, na ilikuwa imebaki miaka minane, miezi kumi na siku ishirini kabla hajasikia, kama atasikia, na kama atamjua anayesema.

* * *

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa bado juu. Hakuvua hata viatu. Mahindi na maharage alikuwa ameyaloweka tangu jana, kwa mazoea, ya mtu mmoja. Akaongeza maji na kuongeza mahindi, akatafuta sufuria kubwa ambayo haikutumika tangu msiba wa wifi yake. Alikaanga kitunguu karibu na ukuta ule uliopakana na chumba kitupu, akalia akikikaanga, wala hakukisingizia kitunguu.

Makande hayaharakishwi. Yalipoiva kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika katikati ya njia. Alipakua sahani ikajaa, akatoka.

Mzee Kiondo alikuwa kizingitini, sindano mkononi. Alipomwona anavuka njia na sahani alikaa wima, kama mtu anayeona mbwa asiyemjua.

"Sijaomba," alisema.

"Najua, mzee wangu."

"Nikikushitaki utanyang'anywa kisanduku."

"Nishitaki." Namsifu aliiweka sahani magotini pa mzee, akaushika mkono wake mkavu, wenye mifupa juu juu, akaubana na hakuuachia. "Lakini kula kwanza."

Mzee aliitazama sahani. Mvuke ulimpanda usoni na kidevu kikaanza kumcheza. Alitazama kushoto na kulia, njia ilikuwa tupu, milango yote imefungwa kwa uungwana.

"Basi," alisema, "naomba maji ya kunawa."